Jinsi Tulivyolifundisha Dishi la Nanyala Kuufuata Mwezi

Wiki mbili baada ya kurudisha funguo za kituo, Neema alinipigia simu. Neema ndiye mhandisi kijana aliyekuwa mkuu wangu miaka ya mwisho kazini. Siku nilipoajiriwa mimi, mama yake alikuwa bado anasoma shule ya msingi.

"Mama Salome, shikamoo. Beringi ya chini inalia."

"Marahaba. Inalia kama panya au kama mlango?"

Akaenda kusikiliza, akarudi. "Kama mlango."

"Basi hiyo ni grisi tu. Beringi ni nzima."

Kweli ikawa grisi. Jioni akapiga tena, akaniomba niandike yote niliyo nayo kichwani, kwa sababu hawawezi kunipigia mpaka uzeeni. Nikamwambia uzeeni nilishafika, lakini nitaandika. Ya vyeo na mishahara nayaacha, yamo kwenye jalada langu na hayajawahi kumfundisha mtu kukaza nati.

Nilifika kilimani kama kibarua wa kupaka rangi. Enzi hizo mkoa wetu ulikuwa bado ni Mbeya, na kile kilikuwa kituo cha simu: dishi moja la mita tisa, ukingo hadi ukingo, limeelekezwa kwenye setilaiti inayoning'inia mahali pamoja angani mwaka mzima. Simu za watu wa ukanda wetu kwenda mbali zilipitia hapo. Mimi nilikuwa binti wa wakulima wa kahawa wa pale Nanyala, nimemaliza ufundi mitambo mjini, na kazi zote nilizoomba waliniuliza kama najua kupika chai.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Siwale, Mnamwanga wa Tunduma, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu hata wakati wa jua. Hakuuliza habari za chai. Alinipa ndoo ya rangi nyeupe isiyong'aa na kusema, "Paka ndani yote. Ukikuta rangi ya kung'aa stoo, usiiguse."

"Kwa nini, Mzee?"

Alichukua kifuniko cha sufuria kilichosuguliwa vizuri, akakielekeza juani, na kunionyesha doa la mwanga ukutani. "Hili ni la kifuniko. Sasa fikiria la mita tisa. Mwenzako aliyepita alitaka dishi lipendeze. Saa sita mchana mfuniko wa plastiki wa ile pembe ya katikati, inayopokea mawimbi, ukayeyuka, na watu wa mkoa mzima hawakupiga simu siku tatu. Lilipendeza kweli."

Nilipaka wiki mbili. Alipoona sijaacha tundu la boliti bila kulisafisha kwanza, akaniombea nibaki. Nikabaki miaka thelathini na zaidi.

Mzee Siwale hakuwa mwalimu wa maneno mengi. Alikuweka mbele ya gia iliyofunguliwa, akaondoka, akarudi baada ya saa moja kukuuliza umeona nini. Ukisema "sijaona kitu," aliondoka tena. Nilijifunza kwamba grisi ikigeuka nyeusi ina vumbi, ikiwa na vimeta ina chuma, na ikiwa na harufu ya kuungua basi umechelewa. Nilijifunza kwamba nyigu wanapenda pembe ya dishi kuliko nyumba yoyote, na kwamba unagonga mara tatu na kusubiri kabla ya kufungua. Hilo la nyigu nililijifunza kwa uso wangu.

Halafu ukaja waya wa kioo, unaobeba sauti kwa mwanga, ukachimbiwa kando ya barabara kuu, na simu zote zikahamia humo. Mzee Siwale alistaafu akarudi Tunduma. Kituo kikakabidhiwa chuo cha ufundi ambacho hakikujua kikifanyie nini, na mimi nikabaki na funguo, fagio na dishi lisiloongea na mtu. Miaka ile watu walichukua bati sita za alumini kutoka ukingo wa chini. Nilijua zilikokwenda, maana sokoni ghafla kulikuwa na sufuria nzuri sana.

Mwalimu Kibona alinikuta katika hali hiyo. Alikuwa mwalimu wa fizikia, Mndali kutoka upande wa Isongole, mrefu, mwenye haraka na leseni ya redio ya ridhaa. Yaani wale watu wanaojenga redio zao wenyewe na kuongea na wenzao duniani kwa mapenzi tu, bila biashara. Aliliangalia dishi, akaligusa kama mtu anayekagua dume la ng'ombe, akasema, "Dada Salome, hili linaweza kupiga mwezi."

"Umekosea nini, huo mwezi?"

Akacheka, akanieleza. Unarusha mawimbi ya redio kwenye mwezi, nao kwa kuwa ni jiwe kubwa unayarudisha. Kinachorudi hufika baada ya sekunde mbili na nusu, nacho ni kidogo mno, ndiyo maana unahitaji dishi kubwa. Mtu wa bara jingine akiuona mwezi huo huo saa hiyo hiyo, anakusikia. Na siku ambayo mwezi haupo, dishi hilo hilo linaweza kusikiliza jua na mawingu ya gesi yaliyo kati ya nyota.

Mimi niliona tatizo moja tu, na ndilo lililotula miaka miwili. Setilaiti inakaa, mwezi unatembea. Dishi letu lilijengwa kwa kitu kinachokaa. Lingeweza kusogea kidogo tu, kama mzee anayegeuza shingo kanisani. Lilihitaji kugeuka pande zote na kuinuka kutoka upeo wa macho hadi utosini, polepole, bila kuruka wala kutetemeka.

Nikaenda Tunduma kumwona Mzee Siwale. Alinisikiliza huku ameinamisha kichwa, akaniambia nirudie, nikarudia kwa sauti ya juu.

"Simu yangu haishiki mtandao nikifika Mbangala," akasema, "na nyinyi mnataka mwezini." Halafu akavaa kofia. "Twende kwa wavunja malori."

Mnajua jinsi Tunduma ilivyo: malori yamepanga foleni ya mpaka, na yale yasiyoweza tena kupanga foleni yanavunjwa kwa vipande. Tulimkuta mfanyabiashara wa upande wa Zambia aliyekuwa na winchi iliyopinduka, na chini yake lile duara la meno linaloizungusha. Akaniamkia, "Mulishani, mayo?" Nikamjibu, "Bwino, mukwai," na hapo Kibemba changu kikaisha, lakini kilitosha kumfanya anione mtu. Mzee Siwale alipiga magoti, akalizungusha duara kwa mkono mmoja, macho yamefumbwa. Akalizungusha tena. Alipofumbua alinitikisia kichwa, na nikajua tumepata shingo ya dishi letu.

Tulilifunga kwa gari la kukokotea la kukodi, siku nzima, huku nusu ya Nanyala ikitazama. Zile bati sita zilizokuwa sufuria tuliziba nafasi zake kwa wavu wa vichanja vya kuanikia kahawa. Mwalimu Kibona alipima matundu yake kwa rula, akasema mawimbi yetu ni mapana mno kupenya humo, kwa hiyo yataona ukuta. Baba yangu, aliyetoa wavu huo, alitaka kujua kahawa yake itaanikwa wapi. Niliacha swali hilo kwa mwalimu.

Bodi ya chuo ilikuwa imetuambia wazi: mwisho wa mwaka, dishi likiwa halina kazi, linakatwa chuma chakavu. Tulikuwa na miezi mitatu. Mwezi una siku zake za kuwa karibu nasi zaidi, mara moja katika kila mzunguko, na kwa mitambo yetu dhaifu tulihesabu tuna nafasi tatu kama hizo.

Nafasi ya kwanza tuliipoteza kwa mayai.

Tulipowasha redio ya kupokea, ikawa inanguruma. Inanguruma dakika chache, inanyamaza, inanguruma tena, kutwa. Mwalimu Kibona alidhani ni amplifaya. Akaibadilisha mara mbili. Mimi nilitengeneza antena ndogo ya mabomba ya alumini, nikaishika mkononi na redio ndogo begani, nikaanza kuteremka kilima nikifuata kelele. Watu walinisalimia kwa tahadhari. Kelele ikanifikisha nyumbani kwa Mama Haonga, mjane mfugaji wa kuku, kwenye friji kuukuu aliyoigeuza mashine ya kutotolea vifaranga. Swichi yake ya joto ilikuwa imeungua, na kila ikijiwasha ilitoa cheche.

Mwalimu Kibona akafika mbio. "Mama, tunaomba uizime saa mbili tu. Leo mwezi uko karibu."

Mama Haonga aliweka mikono kiunoni. "Mna mayai humo?"

"Hapana, mama, lakini..."

"Mimi ninayo mia na ishirini, siku ya kumi na nane. Mwezi umezaliwa zamani, mwalimu. Vifaranga wangu bado."

Mwalimu alinitazama nimsaidie. Lakini mama alikuwa na haki. Hata swichi hakuruhusu iguswe mpaka watoke. Tukarudi kilimani, mwezi ukapita juu yetu na kwenda zake. Siku ya ishirini na moja vifaranga wakatoka, siku ya ishirini na mbili nikambadilishia swichi kwa mkono wangu, na siku ya ishirini na tatu redio yetu ilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumanne. Andikeni hili: chanzo cha kelele kina mwenyewe, na mwenyewe ana shida zake. Nenda na swichi mpya, usiende na hotuba.

Nafasi ya pili niliipoteza mimi.

Dishi likimaliza kazi hulazwa chali, liangalie juu, na hufungwa kwa pini ya chuma nene kama vidole viwili. Bila pini, upepo ukiingia ndani ya sahani ile, hakuna gia itakayoushika. Mnalijua hilo kwa sababu mimi ndiye niliyewaimbia kila asubuhi. Sasa mjue kwa nini.

Ilikuwa siku mbili kabla ya jaribio, msimu wa pepo zinazotangulia mvua. Niliichomoa pini kuipaka grisi, nikaitwa, nikaitia mfuko wa ovaroli, nikasahau. Nilikuwa pale chini barabarani nanunua nyanya, nikaingiza mkono mfukoni kutafuta hela, nikashika chuma. Nikatazama juu. Mawingu yalikuwa yamesimama upande wa Ileje kama ukuta. Nyanya niliziacha kwa mwenyewe, nikarukia bodaboda.

Nilipofika dishi lilikuwa linageuka lenyewe. Liliyumba kushoto, likasimama, likayumba kulia, meno ya gia yakilia kwa mlio ambao sijausikia tena. Na Mwalimu Kibona alikuwa kwenye ngazi ya mgongoni mwake, amekumbatia chuma kwa mikono na miguu, miwani haipo.

"Shuka!" nikapiga kelele.

"Nishuke wapi? Ardhi inazunguka!"

Mzee Siwale alikuwa kwetu wiki hiyo. Alikuja na gogo, akalisukuma chini ya mkono wa dishi, likavunjika kama njiti. Akanishika bega. "Sikiliza upepo. Una pumzi. Ukivuta pumzi, piga."

Nikapiga magoti kwenye tundu la pini, nyundo mkononi. Dishi likapita mbele yangu mara moja, mara mbili. Mara ya tatu likapunguza mwendo, tundu likakutana na tundu, nikaisukuma pini nikaipiga nyundo, nikaipiga tena, na tena, hata ilipokuwa imeingia yote bado nilikuwa napiga. Mzee Siwale ndiye aliyeninyang'anya nyundo.

Mwalimu aliteremka na mbavu mbili zilizoumia na suruali isiyotamanika. Duara la gia lilikuwa limepoteza meno manne. Tulikaa chini ukutani, mvua ikaanza. Mwishowe mwalimu akasema, kwa upole, "Upepo wa leo haukuwa wa kawaida. Tutaandika upepo."

Kila mtu angeamini. Nilikwenda ofisini, nikafungua daftari la zamu na kuandika: Pini ilisahauliwa na mimi, ilikuwa mfukoni mwangu. Nikatia sahihi. Mnaweza kwenda kuona, daftari lipo kabatini. Mzee Siwale aliusoma ule mstari akiwa amesimama, akavua kofia, akaikung'uta maji, akasema, "Basi kesho tuanze na meno."

Wiki tatu tulichomelea na kupiga tupa. Jino moja siku nne. Alinisahihisha kwa kidole tu, bila neno.

Ikabaki nafasi moja. Ilikuwa saa kumi jioni, jua bado kali, na mwezi ulikuwa juu upande wa mashariki, mweupe, kama alama ya chaki iliyofutwa vibaya. Watu wengi hawajawahi kuona kwamba mwezi hutoka pia mchana. Mama Haonga alipanda kilima kuja kutazama, akiwa na jogoo kwapani wa kutushukuru kwa swichi.

Mimi nilikuwa kwenye mota, nikiliongoza dishi hatua kwa hatua. Mwalimu Kibona alikaa kwenye redio, mbavu zimefungwa bendeji. Akabonyeza: alama mbili ndefu. Akaachia.

Kimya. Mvumo tu, kama mvua ya mbali kwenye majani ya migomba. Moja. Mbili.

Na nusu.

*Piii, piii.*

Nyembamba, zenye kutikisika, lakini ni zetu. Mwalimu alizirusha tena, zikarudi tena. Mama Haonga alipiga vigelegele, jogoo akamponyoka. Mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, grisi imenijaa usoni, ndipo nilipomwona Mzee Siwale. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, anatabasamu kwa adabu, akitutazama midomo yetu.

Nikaelewa. Miaka yote ile kando ya majenereta ilikuwa imekula masikio yake. Sauti nene alizisikia bado, nyembamba zilikwisha. Alikuwa amepiga tupa meno manne kwa ajili ya sauti asiyoweza kuisikia, na alikuwa anatabasamu ili tusijue.

Nikamwendea mwalimu, nikamnong'oneza. Aliniangalia, akamwangalia mzee, na bila kusema kitu akashika kitufe cha redio akaanza kukizungusha polepole. Sauti ikashuka. Ikawa ya filimbi, ikawa ya mbuzi, ikashuka mpaka ikawa nzito kama ng'ombe anayeguna zizini. Tukasogeza spika karibu na kiti. Mwalimu akabonyeza.

Moja, mbili, na nusu.

Mzee Siwale akashtuka. Akashika ukingo wa spika. "Huyo ni nani?"

"Ni sisi, Mzee," nikamwambia kwa nguvu. "Ni sisi tunarudi."

Ikaja tena. Akasikiliza, macho yamefumbwa, kama pale kwa wavunja malori.

"Amechelewa kidogo," akasema.

"Ametoka mbali."

"Mm." Akatikisa kichwa. "Basi asamehewe." Na akaomba tuirudie, na tukairudia mpaka usiku, mwezi ulipokwenda nyuma ya miti.

Dishi halikukatwa. Miaka iliyofuata mnaijua, wengine mlifundishwa humo. Tuliongea na mafundi wa nchi ambazo sikujua zina redio. Tulisikiliza jua likichafuka. Tulisikiliza hidrojeni, ile gesi iliyo kati ya nyota, inayochora kilima kidogo kwenye skrini, na mchungaji mmoja wa Mbozi alituuliza kwa dhati kama tumewahi kusikia lolote kutoka juu. Mwalimu Kibona akamjibu kwa heshima kwamba mpaka sasa ni hidrojeni, mchungaji. Mzee Siwale alifariki miaka michache baadaye, kwake, akiwa na wajukuu wote. Mwalimu alirudi kwao kulima na bado ananipigia kuniuliza habari za mota. Wavu wa kahawa nimeubadilisha mara mbili.

Siku yangu ya mwisho ilikuwa na soda, hotuba na keki yenye jina langu lililokosewa. Baada ya hapo Neema akanishika mkono, akaniketisha mbele ya kipaza sauti. Mimi nilikuwa fundi wa grisi. Miaka yote nilikataa kuongea na kuwaachia wenye leseni. Lakini vijana walikuwa wamejipanga mbele yangu, hakuna pa kupita, na Neema mwenye leseni alikuwa amesimama begani kwangu.

"Sema chochote, Mama."

Nikasema naitwa Salome, niko Nanyala, na dishi ni zima. Sekunde mbili na nusu baadaye nikarudi, sauti nyembamba inayotikisika. Nikawaambia huyo mama ana mafua, wakaangua kicheko.

Kisha ikaingia sauti nyingine. Ya mwanaume, mzee, wa Japani, ambaye tulikuwa tukisalimiana naye kwa mwezi miaka mingi kwa alama tu, bila kusikiana koo. Vijana walikuwa wamemwandikia kwamba naondoka, wakamfundisha neno moja la Kiswahili la kuniaga. Alikuwa amelifanyia mazoezi, ilisikika. Alilitamka taratibu, silabi kwa silabi, kutoka upande wa pili wa dunia, kupitia mwezini:

"Sa-ma-ha-ni sana, Mama Sa-ro-me! Samahani sana!"

Neema akaziba mdomo. "Tulimfundisha 'asante'," akanong'ona. "Na 'samahani' tukamwongezea kwa dharura. Amechanganya."

Chumba kizima kilikuwa kimeinama kwa kucheka. Mimi nilikivuta kipaza sauti karibu, nikabonyeza, nikamjibu kwa sauti iliyo wazi:

"Umesamehewa, ndugu yangu. Umesamehewa kabisa."

Nikaachia kitufe, nikaikumbuka ile pini, nikasubiri mpaka maneno hayo yakanirudia na mimi.